Maelezo Mengine

Hizza katoka mjini Tanga na vishikwambi vinne,
kavipanga juu ya meza ya dawa, kati ya pamba na spiriti.
"Kuanzia leo, daftari basi," akasema.
Nikaliangalia langu, kaunta buku nene,
mgongo nimeushona kwa uzi wa kushonea vidonda,
miaka kumi na tisa ya homa za wazee wa Ngomeni,
na duara la kikombe cha chai cha marehemu Bi. Mwanakombo,
palepale alipokitua, ukurasa wa sukari.

Tukaanza na kitanda cha kwanza.
Mzee aliletwa kukata mkonge, kijana, kutoka Burundi.
Mkataba ukaisha, kampuni ikaisha,
yeye hakuisha.

"Jina?"
Daftari linasema Juma Manamba.
Karani wa shamba alishindwa kuliandika la kwao
akampa Juma, maana ilikuwa Ijumaa,
nami nikalinakili, Mungu anisamehe, mwaka hadi mwaka.
"Sema lako," nikamwambia.
Akalitamka polepole, kama mtu anayehesabu chenji:
Ntahomvukiye.
Mashine ikalipigia mstari mwekundu.
"Iache ipige," akasema Hizza.

"Tarehe ya kuzaliwa?"
"Mwaka wa nzige."
Kisanduku hakitaki nzige.
Kinataka tarakimu nane, la sivyo hatuvuki.
Tukampa tarehe mosi Julai.
Siku ile tuliwapa wazee kumi na mmoja mosi Julai;
keki moja itawatosha.

"Kidole cha shahada, mkono wa kulia."
Akaunyoosha.
"Hicho kiko korona," akasema,
"kililiwa pamoja na majani."
Hizza akanyamaza kidogo,
kisha akaliomba gumba la kushoto, kwa mikono miwili.

Ndipo kioo kikatoa namba.
Mzee akainama, akaisoma tarakimu moja moja.
"Kumbe namba tena.
Ile ya kwanza walihesabia kazi yangu.
Hii mtahesabia nini?"
Nilikuwa na neno la semina, nikalimeza.
"Vidonge, mzee.
Asubuhi akishakupa huyu, jioni yule asikupe tena."
Akageuza shingo, akakitazama kitanda cha tano,
shuka limekunjwa, godoro limekunjwa.
Hakuuliza lingine.

Chini kabisa, baada ya presha na mzio,
kuna kisanduku: Maelezo Mengine.
Herufi mia mbili, nafasi zikihesabiwa.
Niliandika, nikafuta, nikaandika:
*Mwite kwa jina, usimtikise. Bega la kushoto usiliguse.
Uji upoe. Akisema anakwenda kazini usimbishie,
mwambie leo Jumapili.*
Zikabaki herufi chache. Sikuzijaza.

Daftari bado ninalo, kabati la glavu,
Hizza hajui, nanyi msimwambie.

Mwezi wa pili nikaenda Pangani kumwoza binti.
Zamu ya usiku akashika Tunu, mgeni,
hata vyoo hajavijua vilipo.
Saa tisa umeme umekatika,
mzee kasimama mlangoni,
anapapasa ukuta anatafuta panga lake,
kengele ya shamba, anasema, imeshalia.
Tunu akasoma kwa mwanga wa kishikwambi chenyewe.
Hakumshika.
"Mzee Ntahomvukiye," akasema, "leo Jumapili."
Mzee akasimama, akafikiri,
akarudi kitandani, akajifunika mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano.