Hodi, Mlango 3389

Tartu, saa nne usiku. Theluji imefika nusu ya dirisha.
Nimevaa soksi mbili mbili, napiga hodi
kwenye kompyuta iliyo kisiwani Ruhnu,
katikati ya Ghuba ya Riga,
ambako kivuko hakiendi hadi Mei
na ndege ndogo hutua ukungu ukiridhia.

Hodi.
Kimya.
Hodi.
“Muunganisho umekataliwa.”

Adabu ni hodi tatu, kisha mtu ageuke, aende zake.
Mimi silipwi kwa adabu.

Bi Helju yuko kwenye simu. Miaka sabini na mmoja,
na kila kinachotokea kiooni anakisoma kwa sauti,
pamoja na alama za mshangao.
Miaka thelathini amehesabu sili juu ya barafu,
na kesho saa tatu hesabu inatakiwa,
nalo faili limegoma kutoka.

Yangu ni Linux, yake Windows ya zamani.
Ni kama wakwe: wanaamkiana vizuri,
kula pamoja ndiyo kazi.

Nauliza anwani. Ananisomea tarakimu, nukta kwa nukta.
Ile moja ilikuwa saba. Mwandiko wa mwanawe, anasema.
Nauliza habari za ukuta wa moto.
Anasema jiko liko, limewaka tangu asubuhi.
Nauliza tarehe iliyo pembeni, chini kulia.
Elfu mbili na tisa, anasema, Januari, tena Alhamisi.
Betri ya ndani imekufa, nani ajuaye lini,
na cheti cha usalama kinamkana
mtu anayetoka wakati usiofika.

Tukarudisha saa. Tukafungua mlango.
Tukazima, tukawasha, tukangoja,
yeye akaenda kuongeza kuni.

Kisha buluu, kiooni pangu, pana,
na kisanduku cheupe kinachotaka nywila.

“Põldpüü,” anasema. Kwale wa shambani.
Mmoja alikuwa akija kudonoa dirisha la marehemu mume wangu.
Naandika. Vidoa vyeusi saba.
Nywila si sahihi.
Tena, polepole. Vidoa saba.
Si sahihi.
“Umekosea.” Sijakosea.
“Basi umekosea kwa uangalifu.”
Mara ya tatu nikaanza kuvishuku vidole vyangu.
Mara ya tano mlango hujikomea nusu saa.

Hapo nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo:
nikaiandika nywila mahali pa jina,
ambapo hakuna kinachofichwa.

P]ldp[[

Mabano.
Kwale aliondoka Tartu na manyoya yake yote,
akafika Ruhnu mifupa.

Kumbe kibodi haitumi herufi.
Hutuma habari ya mahali kidole kilipoangukia,
na wa upande wa pili husoma kwa lugha aliyoambiwa.
Programu yangu ilikuwa imenitambulisha kwake
kama mtu wa Marekani. Usiku kucha.
Mimi, mzaliwa wa Võru,
mwenye õ katika jina la mji wake!

Nikabadili neno moja kwenye mipangilio.
Sikumwambia Bi Helju kosa lilikuwa la nani.
(Nadhani alijua. Alikohoa.)

Vidoa saba, mara ya nne.

Meza yake ikafunguka mbele yangu:
Sili 1994, Sili 1995, mstari kwa mstari,
hadi Sili mpya,
Sili mpya kweli,
Sili usifute.

Simu ikanyamaza kidogo.
“Kishale kinatembea,” akanong'ona.
“Sijagusa kitu. Ni wewe?”
Ni mimi.
“Basi karibu,” akasema,
halafu, akishavuta pumzi:
“Viatu uviache mlangoni.”

Nikatazama chini ya meza.
Soksi mbili mbili.
Nikaingia.