Kibaba na Nusu

Kangagani, kabla ya adhana ya alfajiri,
wananisikia navuta komeo
na banda zima linalipuka
kama harusi iliyokimbiwa na bwana harusi.
Bata mzinga thelathini, majike watupu,
shingo ndefu, macho makavu,
wananitazama mkono, si uso.

Kibaba na nusu kwa kila sita.
Pumba, dagaa wa kusaga, machicha ya nazi yaliyoanikwa,
na unga wa chaza kwa ajili ya maganda ambayo hayajaja.
Nasawazisha kwa ubapa wa kisu.
Kinachozidi hurudi guniani.
Gunia limejaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mavyaa, Bi Time, hupita akielekea kisimani.
Hasemi na mimi, husema na ndoo:
"Ndoo yangu, waona? Mtu ana chakula
na viumbe vya Mungu vinalia."
Ndoo haijibu. Nami sijibu.

Ningemwambia nini?
Kwamba wifi yangu Mkasi, ng'ambo ya kijia,
aliwamwagia wake asubuhi na jioni bila kipimo,
kwa mapenzi, wallahi, kwa mapenzi,
wakataga mapema, mayai madogo kama ya kuku,
akagawa kaimati mtaa mzima.
Kisha mmoja akakwama na yai,
mafuta yamemjaa tumboni kama usufi kwenye mto.
Akafa amekaa.
Mkasi alinijia na damu mpaka viwikoni:
"Nimemnyima nini?"

Kila Ijumaa nawapima kwa mizani ya karafuu,
ile ya ndoana, aliyoiacha marehemu baba mkwe.
Bata ndani ya pakacha, miguu imefungwa kwa ukindu,
mshale unatetemeka.
Bwana mifugo alisema: mifupa kwanza, mafuta baadaye,
waingie kutaga wakiwa wazima, si wakiwa wanene.
Akaandika uzito nyuma ya pakiti ya sigara,
akapanda vespa yake.
Yeye haamshwi na kelele hizi.

Nilipokuwa mdogo Mama alipima muhogo kwa vidole:
vinne vyangu, vitatu vyake.
Chakula hakikuwepo, basi hapakuwa na wa kulaumiwa.
Mimi napima na gunia liko mgongoni kwangu,
na yule wa kijivu, mnyonge wa kundi,
anadonoa maua ya kanga yangu
akidhani ni mtama.

Nikaongeza vihori viwili, nikaviweka mbalimbali,
mwenye nguvu asiweze kuwa kila mahali.
Hilo tu nililolibuni mwenyewe.
Kibaba sikukigusa.

Wiki ya thelathini na mbili, vuli imechelewa.
Kwa Mkasi wamebaki saba,
watatu wanaatamia viota vitupu.
Kwangu hata ganda.
"Si nilisema," Bi Time anaiambia ndoo.

Leo nimevuta komeo, na hapana kelele.
Nikadhani ngawa kaingia.
Wamesimama kando, wamenipisha.
Yule wa kijivu yuko pembeni juu ya makumbi,
mbawa kazilegeza,
na chini yake kitu kizito, cha madoadoa,
cha moto, kinachojaza kiganja.

Nikachota kibaba.
Kisu nikakiacha ukutani.
Kilima kikasimama juu, kikimwagika
hatua kwa hatua mpaka kihorini.

Kijiani Bi Time alikuwa amesimama.
Aliitua ndoo chini.
"Hicho," akaniambia, mimi,
"kimezidi."