Nusu Kilo

Mwaka ule, Mbale, tulikuwa saba,
na kila mmoja aliandika tarehe kwa dini yake.
Wetaka alianza na mwezi. Mimi nilianza na siku.
Namono, aliyejifunza msimbo kwa taa ya betri ya gari,
alianza na mwaka, akasema ndivyo namba zinavyojipanga zenyewe.
Hakuna aliyemsikiliza.

Namba za simu vivyo hivyo:
huyu anatanguliza sifuri, yule mia mbili hamsini na sita,
mwingine anaacha nafasi katikati
kama mapengo ya meno.
Okong'o wa Tororo alikatwa jina kwenye ritifaa,
akawa Okong, akakosa malipo ya msimu mzima.

Kisha kahawa ikaanza kushuka kutoka milimani.
Mizani ya chama ilisoma arobaini na saba nukta sita.
Programu yangu ilisoma arobaini na saba.
Sikuiba.
Niliandika neno moja la kukata desimali,
saa saba usiku, mvua ikitwanga bati,
nikaenda kulala.

Khainza wa Buteza haijui kompyuta, ila analijua gunia lake.
Alikuja na risiti kumi na nne zilizofungwa kwa ukambaa wa mgomba,
akazitandaza mezani moja moja,
akaniuliza kwa upole unaouma:
"Mwanangu, hii nukta huwa inakwenda wapi?"

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba cha nani.

Ndipo tukakutana juu ya duka la vipuri, Barabara ya Naboa,
saba sisi na viti vitano,
tukasema: tuwe na maktaba moja.
Isiyo na rafu, isiyo na mtu wa kukunyamazisha.
Atakayeleta kipande cha msimbo aeleze kinachoingia,
kinachotoka,
na kitakachotokea mtu akikosea, maana atakosea.
Wawili wakisome kabla hakijapokelewa,
na wasiwe shemeji zake.
Hapo tulicheka. Mbale hii, nani si shemeji ya nani?

Wetaka alitaka jina la kampuni yake liandikwe juu.
Tuligombana wiki mbili kwa ajili ya neno moja,
tuite *kadiria* au tuite *zungusha*,
hadi mwenye duka akapanda ngazi kuuliza
kama kuna urithi tunagawana.

Kipande changu cha kwanza kilimwangukia Namono.
Miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na cheti cha Makerere ukutani.
Alikirudisha: *Ikija namba hasi?*
Nikarekebisha. Alikirudisha: *Likija gunia tupu?*
Nikarekebisha, meno yameshikana.
Mara ya tatu aliandika, *Kwa nini?* basi.
Nilifunga kompyuta kwa kishindo,
nikashuka hadi mnara wa saa, nikala chapati ya mayai nimesimama,
nikitafuta jibu la kumkomesha.
Sikulipata.
Nilirudi nikaandika mistari sita ya msimbo
na kumi na mmoja ya maelezo.

Sasa kipande hicho kinapima pamba huko Kasese,
na mtu wa Lira nisiyewahi kumwona
amenisahihisha tahajia pasipo kunisalimu.
Nimemshukuru. Nilichelewa siku nne, lakini nimemshukuru.

Khainza alipewa risiti mpya: hamsini na mbili nukta tano.
Hakusifu. Aliinama kwenye mizani akasoma mwenyewe,
akaisoma risiti,
akarudi kwenye mizani.

Huyo ndiye aliyetukagua kabla hatujajua neno kukagua,
na kwenye orodha ya wachangiaji hayumo.
Jana nililiongeza jina lake, mstari wa tatu.
Linangoja wasomaji wawili.
Namono ameshalirudisha:
nimesahau *h*.