Kilango

Daktari Opolot hakuficha.
"Mama Zubeda, ni ya nguruwe," alisema,
polepole, kama mtu anayetua sinia ya mayai.

Mume wangu Marajani ni mwadhini wa msikiti wetu mdogo, Bombo.
Kutoka kwenye birika la udhu hadi kwenye kipaza sauti
alikuwa akipumzika mara mbili.

Vali ya chuma ipo, akaendelea daktari,
ila hiyo itadai vidonge hadi kaburini
na damu kupimwa kila mwezi.
Mzee, nauli ya Mulago umeikosa mara ngapi?
Marajani akahesabu vidole, akaacha.

Tukauliza.
Sheikh wa kwanza: haramu, hata unywele wake.
Wa pili: dharura hufungua kilichofungwa.
Wa tatu alitaka kujua kwanza moyo una vyumba vingapi,
akanyamaza, akatuombea dua,
akatutilia mkononi shilingi elfu ishirini za njiani.
Huyo nampenda hadi leo.

Shemeji Fadhumula naye akaja na lake:
"Kaka, shahada yako ya mwisho
itatokea mlango wa nguruwe?"
Nilikuwa nasuka ungo. Sindano ikanichoma.
Kitanda usichokilalia, nilitaka kumwambia,
nikameza, kwa kuwa swali lile
nililiuliza mimi kabla yake, gizani,
nikihesabu pumzi za mtu: tisa, kumi,
kimya,
kisha Mungu akamrudishia.

Wodini walileta fomu.
Marajani akaitazama kalamu
kama maji ya baridi mchana wa Ramadhani.
"Andika wewe."
Nikaandika, Kaltumu binti Almasi,
kwa herufi zangu za darasa la nne,
na moyoni nikamwambia Mola:
ikiwa ni deni, mdaiwa ni huyu aliyetia saini.

Sasa ni mwezi wa saba.
Alfajiri sauti yake inafika hadi kambini kwa wanajeshi.
Wawili watatu wamehamia msikiti wa barabarani,
hawakuaga.
Nguruwe hamtaji kwa jina. Humwita "yule".
"Leo yule kaamka kabla yangu," ananiambia, akitafuta kofia.

Usiku naweka sikio kifuani pake.
Sisikii mguno.
Wala malaika hajanijibu kuhusu lile deni.
Nasikia damu tu, inabisha hodi,
inakaribishwa,
inabisha tena.