Sekunde Mbili Nyuma

Mkutano wetu wa Jumatatu ulikuwa na kichwa, mkia hauna.
Kwenye karatasi unaanza saa tatu.
Kwa macho, saa tatu na nusu,
Shefu Cishugi akishamaliza chai
na kusimulia foleni ya Nyawera ilivyomshika.
Nasi tumekaa, makalio yameshazoea mbao,
tunasikiliza salamu za salamu,
shukrani kwa waliotangulia kushukuru,
mpaka harufu ya sambaza wa jirani
ipande dirishani kutuambia kwamba ni saa saba
na habari ya maji bado haijaguswa.

Ndipo Nsimire wa hesabu akatuletea saa.
Si ya ukutani; ile ilikufa zamani, tunaipangusa tu vumbi.
Hii inakaa kwenye simu, moja kwa wote:
tarakimu zilezile kwenye vioo kumi na kimoja
zinateremka pamoja
kama watu kwenye kilima cha Kadutu mvua ikishanyesha,
kila mmoja anachunga mguu wake.
Dakika tatu kwa kila mdomo.
Ikibaki moja, kijani inageuka njano.
Ikibaki nusu, nyekundu.
Sufuri, inalia kama kifaranga aliyekanyagwa.

Wiki ya kwanza ilimkuta Shefu kwenye dibaji.
"Ndugu wapendwa, kabla sijaanza kuanza..."
Kifaranga.
Aliitazama simu
kama mtu aliyebwekewa na mbwa wake mwenyewe.
Tulicheka kwa ndani; mabega ndiyo yaliyotusaliti.
Wiki ya tatu akagundua kitufe cha kuongeza dakika.
Nsimire akakifuta.

Tulimaliza mapema, nisidanganye. Tulipenda.
Ila Mugisho wa stoo alianza kusema mbio
hata hatukujua mabomba yamefika au yameibwa,
na mimi nikazoea kutazama tarakimu, si uso.
Nilijua Byamungu amebakiwa na sekunde arobaini na moja.
Sikujua kwamba anatetemeka.

Simu yangu ni kuukuu, inachelewa sekunde mbili.
Wenzangu wakifika sufuri, mimi bado nina mbili:
chumba kimeshamnyamazisha mtu,
na mimi peke yangu niko mahali
ambapo angali na haki ya kusema.
Sikumwambia yeyote. Ningesema nini?

Siku ile alikuja Nankafu, mlinzi wa bomba la Cimpunda,
viatu mkononi kwa sababu ya matope.
Hakuwahi kupewa nafasi; alikuwa mtu wa "mengineyo",
na mengineyo hatukuyafikia hata mara moja.
Nsimire akambonyezea tatu.
Akasimama.
"Bomba lilikauka Alhamisi.
Ijumaa watoto walishuka Ruzizi na madumu.
Wa Faida hakupanda."
Akakaa.

Zilibaki mbili na arobaini na sita.
Hakuna aliyegusa.
Shefu alifungua mdomo, akaangalia tarakimu,
akaona si zake, akaufunga.
Mbili na kumi. Moja na hamsini.
Bati likaanza kupokea manyunyu, moja moja.
Mugisho alivua kofia, akakosa pa kuiweka.
Nankafu aliutumia muda wake wote
akiwa amekaa, mikono juu ya viatu,
na sijapata kusikia mtu akisema kwa urefu vile.
Njano.
Nyekundu.
Vifaranga kumi wakalia kwa pamoja
na watu kumi wakawazima kwa haraka, kwa aibu.

Wangu alikuwa bado.

Fundi alipanda Cimpunda kabla ya mchana.
Siandiki hivyo ili niseme saa ilifanya kazi; sijui.
Jumatatu iliyofuata tulianza saa tatu kamili,
Shefu akasema dakika mbili, akaketi.
Nsimire bado ananihimiza nikatengeneze simu.
Namwambia kesho.
Yeye hucheka, na kuniandikia: kesho, saa ngapi?