Ubao wa Tezi

Kavata aliileta nyuma ya pikapu,
imekunjwa, imefungwa kamba
kama godoro la mtu anayehama usiku.
"Nataka ubao mpya wa tezi," alisema,
na Otuoma, mwanagenzi wangu, akajishika shingo.

Huku Gikomba tezi ni uvimbe, omo ni sabuni.
Ilibidi nimweleze, kelele za randa zikinikatiza,
kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele,
na kwamba ipo methali.
Hakuniuliza ni ipi.

Sisi ni mafundi wa vitanda. Tano kwa sita, tano kwa sita,
mwezi ukiwa mbaya, tatu na nusu kwa sita.
Boti ya mpira huja baada ya Aprili,
baada ya mto kupanda ngazi za watu bila hodi.

Tukaijaza kwa pampu ya mguu. Ikaziba uchochoro.
Mama Njambi akaipanda na birika lake la chai,
akashuka ng'ambo, akatudai nauli.

Bisibisi niliigusisha tu, pale injini inapokaa.
Ikazama hadi kwenye mpini.
Maji meusi, harufu ya chini ya sinki,
mbao laini kama muhogo uliosahaulika sufuriani,
na juu yake rangi ya kijivu, nzima, inang'aa.
Kuoza hakuna haraka. Huingia kwa tundu moja la bolti
ambalo mtu hakuliziba,
hutembea tabaka kwa tabaka,
na mwenye chombo anazidi kupaka rangi.

"Usiku ule wa Mathare," Kavata alisema,
"injini iliinama, ikainama, kama inayosujudu.
Tukaizima. Tukapiga kasia kwa beseni.
Hakuna aliyekufa."
Kisha, akitazama pembeni:
"Ndani ya boti, hakuna."

Siku nzima tulibandua mpira kwa hewa ya moto,
Otuoma akivuta kwa koleo, mimi na kisu butu,
inchi, inchi, usichanike.
Saa kumi ubao ukatoka vipande vitatu.
Nikavipanga sakafuni nipate kiolezo.
Ukingoni, mpira ulipoufunika, palikuwa bado pakavu,
na hapo pakavu palikuwa na penseli:
ishirini na saba, na mshale.
Ile saba imekatwa kiunoni kwa kijistari.
Safu hii yote ya maseremala
ni mimi tu ninayeiandika hivyo.

Miaka minne. Mteja mwingine, ana haraka.
Plaiwudi ya kawaida, masalio ya kabati la jikoni.
Nilimwambia itashika.
Ilishika.

Nilimwambia Otuoma afagie.

Barabara ya Enterprise wanayo plaiwudi ya majini,
bei yake inakufanya uvue kofia.
Mbili nikazigandisha, nikazibana usiku kucha.
Kila tundu nikalitoboa pana, nikalijaza resini,
nikangoja iwe jiwe,
nikatoboa tena, jembamba, ndani ya lile jiwe,
bolti isije ikaonja mbao.
Otuoma akauliza nani ataona kazi hiyo.
Nikamwambia shika taa.

Kavata alipokuja nilitaja bei ya mbao na gundi.
"Na kazi?"
"Kazi ilishalipwa."
Akaokota kipande cha zamani. Akaisoma ile saba.
Akatazama ubavu wa kitanda kilichosimama nyuma yangu,
sabini na mbili, penseli ileile, kijistari kilekile.
Akakirudisha kipande polepole,
maandishi yakielekea ukutani.

Tuliijaribu Njiru, katika maji ya timbo.
Injini ilinguruma, ubao haukutikisika,
watoto wa machimbo wakapiga mbinja.

Hajui kwamba chini ya resini, kabla haijakauka, niliandika tena:
kipimo, tarehe, na mara hii jina langu lote,
na nambari ya simu.
Mvua ikianza usiku
siizimi.