Mstari wa Maji, Bomambuzi

Msanifu ametandaza karatasi
juu ya meza ya Aikande, tunapokunywea chai ya rangi.
Kuna njia ya mawe, taa, vibanda vya kahawa,
daraja la mbao la kumpitisha mgeni
aliyeshuka mlimani magoti yakimuuma.

Miti imepakwa kijani. Mto umepakwa buluu,
mwembamba, mtiifu, kama utepe wa sare ya shule.

Aikande hakubisha.
Alisogeza kabati la vyombo,
akamwonyesha mstari wa tope ukutani:
"Huu ni wa Aprili. Ule wa juu,
mwaka niliomzaa Elinisafi. Tulilala mezani.
Hii hii unayoiegemea."

Kijana akaitazama meza. Akautazama utepe wake.
Akaomba kifutio.

Kwanza ikaondoka hoteli.
Kisha maegesho.
Pakabaki uwanda wa nyasi na matete,
akaandika kwa penseli, herufi ndogo:
maji yalale hapa.

"Na wageni?" nikauliza,
maana mimi nimeshanunua vikombe.

"Waje," akasema Aikande. "Kiangazi waketi nyasini, wanywe.
Masika wasimame darajani
wamsalimu mwenyeji
akirudi kwake."